Bi Kikomo Anaondoka, na Sisi Tunaogopa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika hospitali yetu, mkuu wa kitengo cha kompyuta anastaafu. Kwenye barua za ofisi ana cheo kirefu. Wodini, maabara na jikoni anaitwa Bi Kikomo, na kwake ni Mama Mapacha. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, msaidizi wake, niandike maneno machache ya furaha. Furaha ninayo. Lakini jamani, tangu nipewe kazi hii naogopa, kwa sababu kuanzia Julai mosi simu ya kitengo ikilia, wa kuipokea ni mimi.

Alianza kama karani wa mapokezi, enzi za kadi za wagonjwa zilizopangwa kwenye makabati ya chuma. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliirukia kwa shangwe, yeye akasimama mbali. Alikuwa anaiogopa waziwazi. Kila akibonyeza kitufe alirudisha mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto, na mkufunzi alimcheka mpaka akatoa leso. Ila kwa ule woga, alisoma kila ujumbe wa skrini mpaka mwisho kabla ya kujibu. Mafunzo yalipokwisha, wenzake wote walikuwa wamekwisha kufuta kadi ya mtu angalau mara moja. Yeye hata moja. Wahenga hawakukosea waliposema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Hospitali ikampeleka kusoma. Alirudi na stashahada, lugha ya kompyuta iitwayo Python kichwani na mapacha mgongoni, na ndiye aliyeandika mfumo wetu wa majibu ya maabara. Kabla yake, majibu yalitembea kwa miguu, kwenye karatasi, na mengine yalipotelea njiani. Sasa mashine ya maabara ikimaliza kupima, majibu yanaingia kwenye seva, ile kompyuta mama ya hospitali, na daktari anayafungua akiwa wodini. Waliozaliwa kwenye skrini hawawezi kujua ilikuwa nafuu gani.

Jina la Bi Kikomo lilitokana na swali lake. Ukienda kumwomba aongeze kumbukumbu ya seva, au nafasi ya mafaili, au chochote kile, atakutazama juu ya miwani na kukuuliza: “Kikomo chake kiko wapi, na tukikivuka nini kitakufa kwanza?” Ikawa ndiyo sheria ya chumba chetu. Hakuna kuzima, hakuna kuwasha upya, hakuna kuongeza wala kupunguza, mpaka swali hilo liulizwe kwa sauti na lijibiwe kwa kuangalia, si kwa kukisia. Mumewe, shemeji yetu fundi seremala, analalamika kwamba hata rafu ya nyumbani hawezi kuipachika bila kuulizwa itabeba masufuria mangapi. Mhasibu naye amewahi kuapa kwamba siku moja huyu mama atamuuliza kikomo cha sukari kwenye chai.

Wengi mnakumbuka wiki ambayo mfumo ulikuwa mzito hata wauguzi wakaubatiza “Subiri”. Sisi tulitaka seva kubwa zaidi. Bi Kikomo alikaa akapima maombi yanatoka wapi, akakuta karibu yote yanatoka kwenye kompyuta moja, ya wodi ya watoto. Akavaa ndala zake akaenda kwa miguu. Muuguzi wa zamu alikuwa ameweka stepla juu ya kitufe cha kufungua upya ukurasa, ikikibonyeza mfululizo, yeye akiendelea na kazi zake. Tulicheka sana. Yeye hakucheka. Alimuuliza kwa nini, na yule dada akajibu kwamba alikuwa anaogopa majibu ya mtoto mmoja yafike asiyaone. Kesho yake Bi Kikomo alitengeneza kengele inayolia kila majibu mapya yanapoingia. Stepla ikarudishwa kwenye karatasi zake.

Sasa niseme la ile alasiri, maana bila hiyo wasifu huu ni porojo.

Mfumo wetu ulizaliwa kwenye seva ya majaribio, ile ndogo inayokuja pamoja na zana za kuandikia programu. Imetengenezwa ili mwandishi mmoja ajaribu kazi yake mezani, basi. Maabara wakaupenda, wakaomba wautumie wiki moja tu wakati mashine kubwa inasubiriwa. Wiki ikazaa mwezi, mwezi ukazaa mwaka. Bi Kikomo aliandika maombi mpaka akachoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu ulifunguka siku ambayo mama mmoja alikuwa mezani, chumba cha upasuaji, anavuja damu baada ya kujifungua.

Daktari alihitaji majibu ya damu kabla ya kuamua kumpasua. Maabara walikuwa wameshapima. Mashine imeshatuma. Lakini ukurasa ulikataa kufunguka, na kwenye skrini yetu maneno ni yaleyale, yakijirudia: mafaili yaliyofunguliwa yamezidi. Seva inaruhusiwa kushika idadi fulani ya mafaili kwa wakati mmoja, nayo ilikuwa imejaa mikono yote miwili. Simu ya upasuaji inalia. Simu ya maabara inalia. Mkurugenzi yuko mlangoni anatoka jasho, anasema zimeni, washeni upya, mnangoja nini? Na mimi kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe, Mungu ni shahidi.

Bi Kikomo alinishika mkono. Akauliza swali lake, kwa sauti, mbele ya mkurugenzi: tukiwasha upya, nini kitakufa kwanza? Nikaangalia. Majibu yote ya siku ile yalikuwa bado kwenye kumbukumbu ya seva, hayajaandikwa kwenye diski. Tungezima, yangefutika, ya yule mama yakiwemo. Mashine ya maabara ikishatuma haibaki na kitu, na kupima upya ni karibu saa nzima. Yule mama hakuwa na saa nzima.

Kwa hiyo hakuizima. Alitazama kwanza kumbukumbu iliyobaki, kisha akaipandishia kikomo cha mafaili palepale, ikiwa hai, kidogo tu, kiasi cha kuipa pumzi. Tukakaa tukitazama. Halafu simu ya upasuaji ikaacha kulia, tukaelewa kwamba ukurasa umefunguka. Yule mama alipona. Bi Kikomo alikwenda chooni akatapika, akarudi, akafungua programu kutafuta kosa. Alilikuta kabla ya jioni: kila ukurasa ulipofunguliwa, programu ilifungua faili la viwango vya kawaida vya kulinganishia majibu na haikulifunga. Mwandishi wa mstari ule alikuwa yeye mwenyewe, na alilisema hilo mkutanoni asubuhi bila kupepesa macho. Tangu hapo kila jibu linaandikwa kwenye diski linapoingia, na ndani ya mwezi tulihama kutoka seva ya majaribio. Au ndivyo tulivyoamini.

Wiki iliyopita ofisa utumishi alikuja na hati ya kufunga akaunti ya Bi Kikomo kwenye seva. Ni utaratibu wa kila anayestaafu: unazima programu zote zinazoendeshwa kwa jina lake, kisha unafuta akaunti. Kazi ya dakika moja. Ofisa alikuwa na haraka, amesimama na kalamu mkononi. Bi Kikomo alikuwa korido akiagana na wahudumu wa usafi. Nilikuwa peke yangu, na woga ukanipanda bila sababu yoyote, mpaka nikaona haya. Akaunti ya mtu anayeondoka, itakuwa na nini?

Nikauliza kwa sauti, kwa mazoea tu, nini kitakufa kwanza. Ofisa akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. Nikaangalia.

Palikuwa na programu moja ndogo, ikiendeshwa kwa jina lake, imekaa pale tangu enzi za majaribio. Ndiyo inayopokea majibu kutoka mashine ya maabara na kuyakabidhi kwenye mfumo. Yote mengine tulihamisha. Hii tuliisahau, kwa sababu haikuwahi kuugua. Ningeizima, hakuna taa nyekundu ambayo ingewaka. Kengele isingelia. Kila daktari, kila wodi, angesoma maneno mawili tu, “majibu bado”, akaendelea kungoja, na mgonjwa akaendelea kungoja naye. Nilimwita kwa sauti iliyowatisha hata wale wahudumu.

Alikuja, akasoma, akaketi. Alikuwa amesahau kabisa, yeye anayekumbuka hata stepla ya nani iliwekwa wapi. Akasema polepole: “Mwanangu, ningeua watu kwa kustaafu.” Ofisa utumishi aliirudisha kalamu mfukoni bila kuambiwa.

Niliihamisha mimi programu ile, kwenda akaunti ya kitengo. Bi Kikomo alikalia mikono yake, kwelikweli, viganja vikiwa chini ya mapaja, ili asinisaidie. Niliuliza swali kila hatua na kila hatua nikajijibu, jasho likinitoka. Maabara wakatuma jibu la kujaribia. Tukangoja. Kengele ikalia wodi ya watoto, na yule muuguzi wa stepla akapiga simu kusema limefika, na kwani vipi, mbona napumua hivyo?

Ndipo nilipofunga akaunti yake. Aliniuliza kama nilikuwa naogopa. Nikamwambia sana, Mama, na bado naogopa, na sijui kama nitaacha. Akachukua sweta lake kwenye kiti, lile la kijani linaloning'inia pale miaka yote kwa sababu ya baridi ya chumba cha seva. Akasema: “Basi naweza kwenda nyumbani.”

Nilikuwa nikidhani tunampoteza mtu aliyewahi kuogopa mara mbili tu: mbele ya kompyuta ya kwanza, na ile alasiri. Kumbe kwa miaka ishirini na sita huyu mama ameogopa kila siku, kwa niaba yetu, ili sisi tucheke jikoni. Shemeji, asante kwa kutuazima, na kwa ile meza ya mbao uliyotuundia ambayo seva bado imeikalia. Mapacha, asanteni kwa jioni zote ambazo mama yenu alifika chakula kimepoa. Mrudishieni jioni hizo sasa, na msimuulize anafikiria nini akikaa kimya. Anahesabu rafu za baba yenu.

Bi Kikomo, hospitali nzima inakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi mzito, na maisha marefu yasiyo na kikomo cha kuuliza. Tukikupigia simu itakuwa ni salamu tu. Nenda salama, Mama. Huku tunaogopa, na tunaangalia kwanza.