Alikaaje Baba Yake Bogna

Benchi letu liko pembeni mwa soko la Jeżyce, mjini Poznań, kati ya kioski cha magazeti na meza ya muuza kabichi chachu. Ni la mbao, linatosha watu wanne, wa tano husimama. Asubuhi ile ya Novemba tulikuwa watano. Alikuwapo Kefir, ambaye humeza kahawa na kuishushia na maziwa mgando, na ambaye hana jambo asilolijua. Alikuwapo Bimba, aliyeendesha tramu mpaka alipostaafu. Bimba ndilo jina letu la tramu. Halo-Halo, aliyekuwa mpokezi kwenye mtambo wa simu wa mji, ndiye mwenye themosi ya kahawa. Mimi huniita Gazeti, kwa sababu ya kazi niliyoifanya. Wa tano alikuwa Bi Bogna Szulczewska, na siku hiyo kikao kilikuwa chake. Baba yake, Walerian, aliondoka nyumbani vita vilipoanza, Bogna akiwa na miaka mitano, na hakurudi. Majirani walisema ameoa Ufaransa. Serikali ilisema haina habari zake. Ikakaa na neno hilo karibu miaka sabini, kisha mwaka jana ikatangaza kwamba alikuwa mmoja wa wafumbuzi wa maandishi ya siri ya jeshi la Wajerumani na kwamba alifia kazini. Wapi na vipi, bado ni siri. Wenzake watatu wanaojulikana wana mnara wao mbele ya kasri. Yeye halmashauri imempigia kura ya benchi: letu ling'olewe, liwekwe la shaba, na mtu wa shaba ameketi juu yake. Mchongaji alikuwa njiani kuja kumuuliza Bogna baba yake alifananaje. Picha hazipo. Mama yake Bogna alizitia zote kwenye jiko wiki ile Wajerumani walipoingia, kama mumewe alivyomwagiza.

— Mimi nasema alikaa amekunja nne, Kefir alianza. Mtu wa hesabu hakai miguu chini kama muuza viazi.

— Wewe ulimwona wapi? Bimba akamuuliza. Umezaliwa vita vimekwisha.

— Siri ya mtungi aijuaye kata.

— Na kata ni nani hapa?

— Ni mimi.

— Mtungi je?

— Usinivuruge, bwana.

Halo-Halo alimmiminia Bogna kahawa na kumkatia kipande cha rogali, andazi la sikukuu ya Mtakatifu Martini.

— Kula, Bi Bogna, kabla hawajakumalizia baba.

— Waache, Bogna alisema. Wakipata kitu nitamwambia huyo binti mchongaji. Mimi mwenyewe sina.

Bimba aliweka kikombe chini.

— Hakukunja nne. Nisikilizeni mimi niliyebeba watu. Abiria anayepiga hesabu kichwani namjua hata kwenye kioo. Anainama mbele, magoti pamoja, mikono katikati kana kwamba ameshika yai. Na siku zote anapitiliza kituo chake.

— Baba hakupitiliza kituo, Bogna alisema. Alipitiliza nyumba.

Bimba akainamia kikombe chake tena.

— Hakukusudia hivyo, Bi Bogna, Halo-Halo akasema.

— Najua. Endeleeni.

Kefir hahitaji kuambiwa mara mbili.

— Shida ni usiri, alisema. Wazee walisema mficha uchi hazai.

— Kefir!

— Nini?

— Alizaa, Halo-Halo alisema. Si huyu hapa umembania na kiwiko?

Kefir alimtazama Bogna, akasogeza kiwiko.

— Basi methali hiyo ina upungufu.

— Mtu anakutafutia baba, wewe unamtafutia matusi, Bimba alisema.

— Hebu mnisikilize mimi, Halo-Halo akaingilia. Pale kwenye simu tulisikia mengi, na hili sikuwahi kulisema. Watu wa kazi ile walichaguliwa kwa sura.

— Wazuri?

— Wazuri wa nini! Sura isiyokaa kichwani. Walipimwa. Mtu anapelekwa mkahawani, anakunywa kahawa, analipa, anatoka. Halafu mhudumu anaulizwa: alikuwaje yule? Mhudumu akisema alikuwa na pua hivi, masikio vile, basi, kazi hapati. Mhudumu akisema: nani? hapa hakuna mtu aliyeingia, basi huyo anachukuliwa.

— Uongo mtupu, Kefir alisema. Lakini umekaa vizuri.

— Ndiyo maana hata mwanawe hamkumbuki, Bimba akasema. Si kosa lake. Ni sura.

Bogna alikuwa ameshika kipande cha rogali bila kukila.

— Ingekuwa hivyo ningelala usingizi, alisema. Mnajua ninachokumbuka katika mwaka ule? Mbwa wa ghorofa ya pili. Aliitwa Misiek, alikuwa na doa jeupe kwenye sikio. Namwona mpaka leo. Mbwa wa watu. Baba yangu, hapana.

Muuza kabichi alifunika pipa lake. Tramu ilipita, na Bimba, kwa mazoea, akaisindikiza kwa macho hadi kwenye kona.

— Mimi sijasema kwamba amekufa, Kefir alisema.

— Yesu na Maria, Halo-Halo akasema. Ameanza.

— Nauliza tu. Nani ameona kaburi? Serikali? Serikali hiyohiyo iliyosema haina habari zake? Haya. Mnawajua mbuzi wa saa ya ukumbi wa mji.

— Nani asiyewajua.

— Kila adhuhuri wanatoka, wanagonganisha pembe mara kumi na mbili. Mwaka fulani, sisemi upi, waligongana mara kumi na tatu. Nilihesabu mwenyewe. Wiki iliyofuata, kumi na moja. Iliyofuata tena, kumi na tatu. Sasa niambieni, mbuzi wa bati anakosea hesabu?

— Anayekosea ni aliyekuwa akimtazama, Bimba alisema, na chupa mfukoni.

— Kuna mtu alikuwa ndani ya ile saa. Anapeleka habari. Kimya kimya, mbele ya watalii elfu. Aliyevunja siri za Wajerumani atashindwa kuzungumza kwa mbuzi?

— Na alikuwa akimpelekea nani habari?

Kefir alinyoosha kidole kwa Bogna.

— Mimi? Bogna alisema. Adhuhuri nilikuwa kiwandani, Kefir. Nilikuwa nashona mito.

— Ndiyo hasara yenyewe! Mzazi anahangaika na mbuzi, mtoto anashona mito. Asiyekuwapo na lake halipo.

Methali hiyo ilikuwa imekwisha kutoka. Kefir mwenyewe aliisikia ilivyotua. Alivua kofia, akaivaa.

— Nilikuwa nataka kusema nyingine, alisema.

Mchongaji alifika wakati huo. Alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, jina lake Kalina, amebeba mkoba wa karatasi kubwa na ana vumbi la plasta kwenye nyusi. Alitusalimu mmoja mmoja. Alipofika kwa Bogna aliinama kidogo. Tulimpa nafasi ya kukaa, akasema atasimama.

— Bibi, nitasema ukweli, alimwambia Bogna. Halmashauri inataka kitu kifike majira ya kuchipua. Mwili ninao tayari.

— Mwili wa nani? Bimba aliuliza.

— Wa mpiga kinanda. Mji mwingine uliagiza, wakagombana, wakaacha. Kiwiliwili kiko karakanani. Ameketi, mkono mmoja nyuma ya benchi. Wamesema nitie kichwa kingine na kofia, yaishe.

— Kichwa cha nani? Kefir akauliza.

— Cha mtu yeyote. Hayo ni maneno yao, si yangu. Mimi nikipata kitu, hata kimoja tu cha kweli, nitakwenda kuwaambia naanza upya. Nisipopata, mpiga kinanda ndiye atakayewekwa.

Bogna alifuta vidole kwa kitambaa.

— Basi bora pabaki patupu. Nitapita hapa kila siku kwenda kununua mkate. Kila siku nimwone mtu nisiyemjua, nimwite baba? Walisema ameoa Ufaransa, nikavumilia. Hilo la mpiga kinanda sitalivumilia.

— Ndiyo nimekuja, Kalina alisema. Sihitaji uso. Niambieni jambo moja tu. Alikaaje?

Nilimtazama Kefir. Kefir alimtazama Bimba. Bimba, aliyekuwa na magoti pamoja na mikono katikati kama ameshika yai, aliinyoosha miguu polepole. Halo-Halo alikaza kifuniko cha themosi ambacho kilikuwa kimekaza tayari. Asubuhi nzima tulikuwa tumemkalisha yule mtu kila namna.

— Sijui, Bogna alisema hatimaye. Sijawahi kumwona amekaa.

— Hata siku moja?

— Atakuwa alikaa. Mtu hali chakula amesimama. Lakini mimi ninachokijua ni koti.

— Koti lipi?

— Lake. Nilipoteza glovu, tulikuwa tukija huku sokoni, mama kanikasirikia. Yeye akaniambia tia mkono humu. Mfukoni. Basi tangu hapo nikawa natia. Glovu nyingine ilinunuliwa, sikuivaa upande huo.

— Mlikuwa na nini humo? Kalina aliuliza.

— Makombo. Kipande cha penseli. Kulikuwa na joto.

Kalina hakuandika. Alikuwa anamtazama Bogna mikono.

— Mfuko ulikuwa wapi? Juu au chini?

— Juu.

— Juu kiasi gani?

Bogna aliinua mkono hewani, akaushusha, akauinua tena.

— Sioni. Nimekuwa mkubwa.

Halo-Halo ndiye aliyewahi.

— Kaa hapohapo kwenye benchi, Bi Bogna. Ukikaa wewe ni mtoto wa miaka mitano, si zaidi. Bimba, simama! Simama karibu naye. Funga vifungo vya koti.

— Kwa nini mimi?

— Kwa sababu Kefir ni mfupi.

— Mimi si mfupi, Kefir alisema. Nimeshiba kwenda chini.

Bimba alisimama kando ya benchi, kwenye ncha anayokaa Bogna. Koti lake ni lile la kazi, la buluu, mifuko yake mikubwa. Bogna alitazama mbele, sokoni, kama mtu anayepigwa picha. Kisha bila kuutazama aliupandisha mkono wa kushoto.

— Kushoto, Kalina alisema taratibu. Kwa hiyo mfuko wa kulia.

Bogna aliutazama mkono wake kama vile umeinuliwa na mtu mwingine.

— Wa kulia, alisema. Ndiyo. Upande wa pili mama alibeba kikapu. Lakini huu uko chini. Huu si wenyewe.

— Panda hapo, Kalina alimwambia Bimba. Kwenye ukingo wa barabara.

— Magoti yangu, mwanangu.

— Panda, bwana! tulisema wote.

Bimba alipanda, amemshika Kefir bega. Bogna alisogea mpaka mwisho wa benchi. Mkono wake wa kushoto ulipanda tena, ukafika karibu na sikio, ukaingia.

— Hapo, alisema.

Kalina alipima kwa utepe, kutoka chini hadi mdomo wa mfuko, mara mbili.

— Alikuwa mrefu, alisema. Mrefu sana. Yule mpiga kinanda hamfiki begani.

— Mrefu mno kwa kujificha ndani ya saa, Halo-Halo alimwambia Kefir.

— Angeweza kuinama.

— Na uso? Kalina alimuuliza Bogna. Ukitazama juu, unaona nini?

— Kidevu. Na ukingo wa kofia. Nilikuwa chini, mwanangu.

— Basi nitamfanya hivyo. Anatazama soko, kofia imeshuka. Anayetaka kumwona zaidi atalazimika kuwa mfupi. Lakini bibi, huyu hakai.

— Hapana. Hakai.

— Na wao wamepigia kura benchi na mtu.

Kefir alipiga ubao wa benchi kwa kiganja.

— Benchi hili hapa. Mtu atakuwa pale, kando, amesimama. Kura imetimia. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ilikuwa methali yake ya kwanza kutua mahali pake tangu asubuhi, na nadhani hakutambua. Kalina alisema atawapelekea hivyo hivyo, benchi la mbao libaki, na kwamba wakikataa itabidi watafute mchongaji mwingine na mpiga kinanda mwingine. Kisha akauliza mfuko uwe umezibwa au wazi.

— Wazi, Bogna alisema. Mkono uingie mpaka kwenye kifundo.

— Watu watatia vishungi vya sigara humo, Halo-Halo alisema. Nawajua hawa wa sokoni.

— Na tiketi za tramu, Bimba alisema kutoka juu.

— Na maganda ya alizeti, Kefir alisema. Nani atakuwa anautoa huo uchafu?

— Mimi, Bogna alisema. Nitakuwa natia mkono kila asubuhi.

— Shaba ina baridi wakati huu wa mwaka, Kalina alimwambia.

— Zamu hii nitampasha joto mimi.

Kalina alikunja utepe wake, akafunga mkoba. Halo-Halo alipindua themosi, likatoka tone moja na machicha. Kefir alianza kulalamika kwamba bega lake si kishikio. Bimba alikuwa bado juu ya ukingo wa barabara, mguu mmoja unatetemeka.

— Bi Bogna, alisema. Nishuke?

Bogna alikuwa ametazama mbele, kwenye meza za viazi.

— Bado, alisema.