Bwana Mengineyo Afunga Faili

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili jioni, mkaguzi wetu wa viwanda vya mvinyo anatimiza miaka thelathini na mmoja kazini na kurudisha funguo za dawati lake. Droo ya pili haifunguki mpaka uipige teke. Mrithi wake ajue mapema.

Alianza akiwa kijana mwembamba mwenye fomu ya kurasa mbili: usafi, mapipa, joto la ghala, vizibo. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa Mengineyo. Wakaguzi wengine walichora kistari wakaenda zao. Yeye aliujaza, akageuza karatasi, akaendelea nyuma, kisha akaomba karatasi nyingine. Hapo ndipo alipobatizwa Bwana Mengineyo, na mimi, karani wa masjala niliyepaswa kuchapa mwandiko wake, nikaanza kuvaa miwani.

Lakini yalisomeka, jamani! Tulikijua kiwanda ambacho mwenyewe huwavua wageni viatu ghalani, eti wasiuamshe mvinyo uliolala. Mkaguzi wetu alikagua mapipa mia mbili kwa soksi, moja imetoboka kwenye dole gumba. Tulikijua kile cha ndugu wawili wasiosemezana, waliopiga mstari wa chokaa katikati ya ghala, ikabidi kila swali aulize mara mbili na chai anywe mara mbili. Tuliijua piano iliyoteremshwa ghalani kabla ngazi hazijajengwa upya, ikashindikana kuitoa. Hakuna anayejua kuipiga, ila kila mgeni lazima aibonyeze kidogo kabla ya kuonja. Mkaguzi wetu mwenyewe huonja kijiko kimoja, basi. Mkewe, shemeji yetu, husema mumewe hurudi nyumbani na vumbi na visa, mvinyo hajawahi kuuona.

Si wote waliofurahi. Mkuu wetu wa zamani alimwita mara tatu kumkumbusha kwamba hakuajiriwa kuandika porojo. Mara ya tatu alimwandalia barua ya onyo.

Wiki hiyohiyo likazuka shauri la mama mjane. Kiwanda chake ni kidogo kuliko vyote, mapipa kumi na manne, yeye na binti yake tu. Mfanyabiashara mmoja alituletea katoni za mvinyo uliochacha, wenye lebo za mama huyo, akidai wateja wake wameumwa matumbo. Barua ya kufuta leseni ilikuwa tayari, imebaki saini. Mama alikaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, mkoba magotini.

Bwana Mengineyo akaingia masjala mbiombio, akaniomba ripoti zake za miaka tisa. Zote zilisema jambo moja: meza ya kubandikia lebo ina mguu mmoja mfupi, na mama hataki itengenezwe kwa kuwa iliundwa na marehemu mumewe. Kwa hiyo lebo zake zote hukaa upande. Chupa za yule mfanyabiashara zilikuwa na lebo zilizonyooka kwa rula. Zilikuwa za bandia! Mkuu alisoma Mengineyo kwa sauti mbele ya kikao kizima, kisha akachana barua zote mbili. Mwaka uliofuata ikatoka fomu mpya, na Mengineyo ikapewa ukurasa mzima.

Wiki iliyopita alifanya ukaguzi wake wa mwisho, kwa mama yuleyule. Ripoti imefika mezani kwangu. Usafi, mapipa, joto, vizibo, vyote vimejazwa. Ukurasa wa Mengineyo ni mtupu. Nilipomuuliza alidai kalamu imeisha wino, na kalamu yenyewe nimeijaribu, inaandika vizuri tu. Sikumbana zaidi, maana macho yalishamwiva.

Haya, kaka, nimekujazia mimi. Mengineyo: mkaguzi husafiri na soksi za akiba. Hucheka kabla ya kumaliza kisa. Anajua jina la kila mbwa wa kila ghala. Akiondoka, ofisi itapwaya, na karani wa masjala atakosa cha kusoma.

Tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda kapumzike na shemeji, ule vizuri, ulale vizuri, na Mungu akupe miaka mingi ya afya na furaha. Mama mjane amekuletea chupa ya kuagana, iko juu ya dawati lako. Nimeikagua kwa niaba yako. Lebo imekaa upande.