Majani ya Bi Mohsharif si Magugu

Bi Mohsharif Nazriyeva anastaafu Ijumaa hii, tarehe 20 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kufagia kipande kimoja cha barabara, kutoka darajani hadi lango la shule yetu. Ofisi ya barabara ya wilaya iliiomba shule iandike wasifu wake, uwe mfupi na wa kufurahisha, na kazi nikapewa mimi, mwanafunzi wa darasa la tisa. Mfupi utakuwa.

Alianza na ufagio wa vijiti na toroli lenye gurudumu bovu. Mwaka wake wa pili, bila kuagizwa na mtu, alimwaga mbegu za gulkhairi ukingoni mwa mfereji. Tangu hapo, karibu kila Juni barabara huchanua maua yanayompita mtu urefu: ya rangi ya waridi, meupe, na mekundu yanayokaribia weusi. Hayauzwi wala hayaliwi. Ukipita unafurahi, basi. Dereva mmoja wa lori la makaa ya mawe aliwahi kumpigia kelele, "Mama mdogo, hii ni barabara au ukumbi wa harusi?"

"Harusi, mwanangu, na wewe hukualikwa. Pita!"

Gulkhairi halina haraka. Mwaka wa kwanza hutoa majani tu, mapana, yaliyolala chini. Mwaka wa pili ndipo huchanua. Kila bibi hapa kijijini analijua hilo. Ofisi hailijui.

Miaka miwili iliyopita, mgeni mkubwa alipotarajiwa, Mhandisi Saidakhmad wa ofisi hiyo alileta watu wenye majembe. Waliyaacha yaliyochanua, wakaanza kung'oa majani. Bi Mohsharif alisimama mbele ya jembe.

"Mkuu, haya ndiyo maua ya mwakani."

"Mama, maua nayaona, yale pale. Haya ni chakula cha mbuzi."

Wakang'oa majani yote. Mgeni alipita bila hata kushusha kioo cha gari.

Mwaka uliofuata halikuchanua hata ua moja. Hapa naomba msomaji asome polepole, maana mimi nilisoma mara tatu: ofisi ilimwandikia Bi Mohsharif barua ya onyo kali, kwa kushindwa kutunza maua ya barabara!

Yeye alikuwa ameokota mbegu za yale yaliyoachwa. Nusu alikwisha kuzipanda vuli ileile ya mwaka wa majembe, na hizo ndizo zinazochanua leo. Nusu nyingine alizifunga ndani ya barua ya onyo hadi vuli iliyopita, akazipanda pia. Kwa hiyo, ukija kwenye sherehe ya kumuaga, tazama chini ya maua. Majani yale yaliyolala yametoka ndani ya barua hiyo. Ndiyo Juni ijayo.

Na juzi tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi: Jumamosi tarehe 21, saa mbili asubuhi, kung'oa magugu kando ya barabara. Yaani Ijumaa wampe zulia na cheti, wampigie makofi, kisha Jumamosi waing'oe kazi yake. Hawakuona haya, hata wiki moja hawakusubiri. Nilipompelekea habari alikuwa anaanika matunda ya forosadi juu ya paa.

"Soma vizuri, mwanangu," alisema. "Labda wameandika barabara nyingine."

Hawakuandika barabara nyingine.

Bi Mohsharif, asante kwa miaka thelathini na moja. Asante kwa njia uliyotusafishia kila theluji ilipoanguka, kabla hata mwalimu wa zamu hajaamka. Tunakutakia miguu isiyouma, chai isiyopoa, na usingizi mpaka jua liingie dirishani. Jumamosi usije barabarani. Lala. Tutakuwepo sisi, wanafunzi kumi na tisa wa darasa la tisa, kuanzia saa moja, kila mmoja amesimama mbele ya majani yake.

Mhandisi Saidakhmad, utakayekuwa unausoma wasifu huu kwenye kiti cha mstari wa mbele, nawe unakaribishwa. Njoo bila jembe.