Mzee Ushahidi na Kadi Iliyokuwa Tupu Nyuma

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Mzee Ushahidi atafunga droo zake za kadi kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia idara yetu ya kamusi kwa miaka thelathini na minne. Jina hilo tulimpa sisi. Hakulikataa, ila aliuliza nani aliyelianzisha na lini.

Alianza akiwa msoma prufu, wa kusaka makosa kabla ya kuchapa, akapanda hadi mhariri mkuu wa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Sheria yake ilikuwa moja: kila neno na kadi yake, maana mbele, na nyuma uandike umeitoa wapi. Kadi tupu nyuma haiendi kwa mpiga chapa, hata wakubwa wapige kelele vipi. King'ang'anizi huyo, jamani!

Hapa naomba nitoe dukuduku langu. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa mgeni, nimo katika miezi ya majaribio, na shahada yangu imenivimbisha kichwa. Nikapewa neno la Kiingereza "flaunt", yaani kujionyesha, kuringishia watu ulicho nacho. Maana niliiandika vizuri. Asili yake sikuipata, nikaona aibu kusema sijui, nikatunga: eti lilitokana na manyoya ya kofia za matajiri. Mkurugenzi wa wakati huo alikipenda kisa hicho kupita kiasi, akakitia kwenye hotuba yake ya uzinduzi wa kamusi. Hakujua kimetoka kwa nani, lakini mimi nikawa natembea kifua mbele.

Kadi yangu ilikuwa imemponyoka Mzee, akaja kuigeuza siku ambayo kurasa zilikuwa zimeshafika kwa mpiga chapa. Nyuma peupe! Akaniuliza, nikababaika. Hakunigombeza. Alikwenda mwenyewe kiwandani kwa miguu, akasimamisha mashine, kisha akashinda maktaba siku mbili akipekua kamusi kubwa kubwa. Neno lina umri wa karne nyingi, lakini lilikotoka hakuna ajuaye kwa hakika. Akaandika: asili haijulikani.

Mkurugenzi alifoka. Akataka aletewe aliyeandika kadi ile, afukuzwe siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiyasikia yote. Mzee akamjibu kwamba kadi zote za idara ni zake, na kama ni kufukuza, aanze na yeye. Mkurugenzi akanywea, akafuta kisa kwenye hotuba, na uzinduzi ukapita salama.

Nilishusha pumzi, lakini nusu tu. Miaka yote hii nimeishi nikihofu kwamba iko siku mtu atanitolea siri. Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwake nikamweleza mkewe, nikiamini amekuwa akinicheka kimoyomoyo siku nyingi. Mama wa watu alibaki kinywa wazi. Alikuwa hajui lolote. Hata kwake, mzee hakusema.

Basi nasema mwenyewe, mbele ya wote: kadi ile ilikuwa yangu. Loo, afadhali nimeutua mzigo! Ahsante, mzee wetu, kwa kunisitiri. Nenda kapumzike, afya njema ikae nawe, na sisi uliotulea tukuonee fahari.