Umeme wa Moyo wa Papa Damascène

Katika jipu, gari ya kutoka Ngungu kwenda Masisi, Consolée alimpakata mutoto wake, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Huko muganga mmoja wa dispensere alikuwa akibishana na shofere aliyeshika usukani, Papa Damascène, aliyezimia mara mbili mwezi ule.

“Papa, moyo iko na umeme yake, njo inaipigisha. Yako inakatikakatika. Enda Goma wakupime.”

“Umeme? Ngungu hatuna ata poto moja ya kubeba waya! Moyo yangu waliiunganisha wapi?” Jipu nzima ikacheka. Consolée hakucheka, maana upande wake, chini ya barabara, kulikuwa na korongo refu.

“Sasa ulianguka sababu ya nini?”

“Sumu ya jirani. Nilikunywa maziwa, nikapona.”

“Na mara ya pili?”

“Maziwa ilikuwa kidogo.”

Palepale moyo ukamruka tena, naye akasimamisha gari kwenye zizi la kwanza, aongeze dawa yake. Consolée akashuka na mutoto, ingawa Masisi ilikuwa bado mbali. Heri mama achekwe na wasafiri kuliko mutoto aliliwe matangani.

Papa Damascène akafuta povu la maziwa mdomoni, akamuhurumia kweli: “Mama, kupanda hii milima na miguu utaharibu moyo.”