Chumba Kilichokatwa Bondeni

Sogeeni wanangu, na wewe Fundi acha kusimama mlangoni kama mgeni, njoo ukae hapa miguuni pangu karibu na dada yako, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Tangu juzi nasinzia na kuamka, na kila nikifumba macho naliona shamba la bondeni lilivyokuwa nilipomwoa mama yenu, udongo mweusi, mwororo, unazamisha kidole chote bila kutumia nguvu. Nikifumbua macho bado naliona. Limesimama, limetuzunguka pande nne.

Ndiyo, kuta hizi. Nilikuwa kijana mwenye haraka, nikataka chumba kabla ya mvua, basi nikakata tofali palepale bondeni, juu juu penye rutuba yote, nikazianika juani, nikajenga. Mama yenu, akiwa na mimba ya Fundi, akaniuliza, "Umetulaza ndani ya shamba, sasa tutalima wapi?" Nilicheka, wanangu. Kicheko kile kimenikaa kooni miaka arobaini.

Bonde likagoma. Nikamwaga mbolea ya dukani, mvua ikaizoa pamoja na kilichobaki. Mama yenu ndiye aliyeanza kulirudisha, karai la samadi kichwani kila asubuhi, kunde katikati ya mahindi, mabua hayachomwi, yanalazwa chini yaoze. Alikufa udongo haujashika. Dada yako akaendelea, majirani wakamwita Mama Takataka, wala hakujali. Jana ameniletea konzi moja ya udongo wa kule, nyungunyungu akajikunja kiganjani mwangu, nikalia kama mtoto.

Sasa Fundi, nimesikia unataka kukata tofali bondeni tena, ujenge vyumba vya kupangisha. Sikugombezi, ni mimi niliyekuonyesha njia hiyo. Lakini nakukataza. Bonde ni la dada yako, na mtu asikate tofali pale, mtu asichome mabua. Nyumba kubwa ya mbele ni yako. Na chumba hiki, nikishatolewa, ezua mabati uyachukue, halafu shika sururu ukibomoe kwa mkono wako. Wewe unajua ukuta unaanza kuachia wapi. Tofali hizi hazikupita motoni, zitalainika. Mpelekee dada yako kwa toroli, azitandaze na samadi.

Fundi, usilie, baba. Nipe maji kidogo.

Tazameni hapa, kando ya mto wangu wa kulalia, ukutani penye unyevu. Mche. Nilidhani ni usingizi unanidanganya, nikaugusa. Ni kunde, sijui mbegu iliingiaje. Ukuta wa miaka yote hiyo, bado una uhai... Ung'oeni taratibu, na udongo wake, mkaupande kwanza.

Shikaneni mikono. Msije mkanyimana. Mungu awape mvua ya kiasi, na watoto wenu wale walichopanda... Nimechoka sasa. Mama yenu amelala pale ukingoni mwa bonde. Toroli la kwanza... mpitishieni yeye. Mwambieni namrudishia shamba lake.