Egidi Wendelini Luambano na Mlango wa Mtoto

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Luambano, shikamooni, mama mkwe wangu, majirani wa Mjimwema, mafundi wote mliofunga gereji leo kwa ajili yetu, mimi ni Lightness, mke wa Egidi, historia hii kwa desturi husomwa na msemaji wa ukoo, lakini baba mdogo Makarius amesema aliyeiandika ndiye aisome, basi nasoma, na nikienda mbio mnisamehe, nikipunguza mwendo sitafika mwisho.

Marehemu Egidi Wendelini Luambano alizaliwa tarehe 1 Septemba 1994 katika kijiji cha Mpitimbi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Wendelini na mama Notburga, huyu aliyekaa hapa mbele, na kwa kuwa siku hiyo ni ya Mtakatifu Egidi, jina halikuwa na mjadala.

Elimu ya msingi aliipata hapohapo Mpitimbi kuanzia mwaka 2002 hadi 2008, kisha sekondari hapa mjini kuanzia 2009 hadi 2012, na matokeo yake alikuwa akiyasema mwenyewe bila haya, kwamba Hisabati ilimfukuza naye hakubisha hodi tena, ndipo mwaka 2013 akaingia chuo cha ufundi kujifunza bodi za magari, akahitimu mwishoni mwa 2014.

Januari 2015 alianza kazi katika gereji ya mzee Otto, Bombambili, na mwaka 2019 akafungua gereji yake Mjimwema pamoja na mwenzake Abdulswamadu kutoka Namtumbo, na hapa naomba nieleze kidogo, maana wengi mlisikia fundi milango mkadhani milango ya nyumba, hata posa ilipofika kwetu baba yangu aliuliza kama atatutengenezea mlango wa jiko. Egidi alikuwa fundi wa vitasa na loki za magari ya zamani, Pijo, Landrova, zile Volkswagen za mgongo wa kobe, magari ambayo wenyewe wanayapenda kuliko ya kisasa lakini ukipita shimo mlango unafunguka wenyewe, yeye anatoa loki yote iliyolika, anachonga bati, anapachika loki imara ya gari jipya, halafu kitasa kilekile cha zamani anakirudisha nje kinang'aa, mlango unaufunga kwa kidole na mgeni hajui kilichobadilika, alikuwa akisema nje babu, ndani kijana. Wengine walitaka vitasa viondolewe kabisa, mlango ubaki laini kama yai, unabonyeza kitufe kilichofichwa chini ya kioo cha pembeni ndipo unafunguka, na kitufe hicho ndicho kilichotukutanisha.

Ilikuwa tarehe 18 Desemba 2021, nilikuwa msindikizaji wa bibi harusi, tumekaa ndani ya Pijo isiyo na vitasa nje ya kanisa, betri ikafa, milango ikagoma, bibi harusi analia, mimi napiga mlango kwa ngumi, akaja kijana akabandika uso kwenye kioo akasema, dada wa njano, acha kuupiga mlango wangu, haujakukosea kitu, inama chini ya kiti uvute kikamba, nikamjibu kikamba ni wewe, fungua hapa, akacheka mpaka akakaa chini na sisi tumo ndani. Tulifunga ndoa takatifu tarehe 14 Oktoba 2023.

Mwezi Januari 2024 aliitwa Iringa na mtu mwenye magari mengi ya zamani, akakaa huko akibadilisha loki, akarudi nyumbani tarehe 12 Julai 2024, na tarehe 21 Februari 2025 tukajaliwa mtoto wa kike, amezaliwa njiti, kabla ya siku zake, mdogo kama mkate, manesi wakamwambia baba afungue shati amweke kifuani apate joto, akakaa naye hivyo kutwa nzima, yeye ambaye hakai, akampa jina la mama yake, Notburga, na tangu hapo akawa anamwita Mama na kumwamkia shikamoo. Najua wapo waliohesabu miezi kwa vidole, nimesikia, vidole havijui njiti.

Tarehe 24 Machi mwaka huu wa 2026 alikatwa kiganja na bati la mlango wa Pijo ya mzee Rupert, akafunga kitambaa, nikamwambia twende ukachomwe sindano akasema huu ni mkwaruzo, mke wangu, bati linanijua, tarehe 2 Aprili shingo ikakaza, Ijumaa Kuu tukampeleka hospitali, wakasema ni pepopunda, taya zikawa zinabana, na Jumatatu ya Pasaka, nikiwa upande mmoja wa kitanda na baba mdogo Makarius upande wa pili, alisema maneno yake ya mwisho, aliyasema kupitia meno, mlango wa mtoto, akavuta pumzi, halafu ufungwe. Au umefungwa. Mimi nilisikia umefungwa, baba mdogo alisikia ufungwe, na tarehe 9 Aprili, saa nne asubuhi, Egidi akatutoka.

Sasa wazee wangu, hapa ndipo kichwa changu kinapoishia, kwa sababu kwenye ukoo mlango ni watu, tunasema mlango wa mzee Wendelini, mlango wa mzee fulani, na baba mdogo ametoa taarifa kwamba marehemu ameagiza mlango wa mtoto ufungwe, yaani Notburga asihesabiwe katika nyumba hii, na kikao kitakaa baada ya mazishi kulizungumza. Abdulswamadu akaja akasema, shemeji, pale gereji mlango wa mtoto ni mlango wa nyuma wa gari, una kiloki kidogo pembeni cha kuzuia mtoto asifungue kutoka ndani, kwenye ile Pijo kilikuwa hakishiki, Egidi alikikasirikia mpaka siku anaugua, akamwambia na baba mdogo, mzee wangu, kwa Egidi mlango ni bati, baba mdogo akamjibu, kijana, mtu anayekata roho hazungumzii bati, nami nikasema moyoni, baba, yule angezungumzia.

Lakini siwezi kuapa, niko mbele ya jeneza, kuna saa naamini ni Pijo, kuna saa nawaza ni mlango wetu wa uani ambao mtoto anaupita akitambaa kwenda kuchezea maji ya karo, kila siku alikuwa ananigombeza ufunge, na kuna saa, Mungu anisamehe, naogopa kwamba yale ya vidole yalimfikia na yeye, akayabeba asiniambie, sijui, nimeyageuza kila upande yale maneno, sijui. Ninachojua ni aliyoyafanya akiwa mzima na taya zake zimefunguka, mtoto alimpa jina la mama yake, na jina la mama yake mtu hampi mgeni.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na manesi waliohangaika naye mpaka mwisho, majirani mliopika na kukesha nasi, jumuiya yetu, mafundi wa Mjimwema na Bombambili, na shemeji Abdulswamadu uliyebeba jeneza ukiwa na swaumu yako ya sunna, Mungu akulipe.

Katika ratiba niliyoona, kwenye kuweka mashada wameandikwa mama mzazi, mjane, ndugu na mafundi wenzake, mtoto hakuandikwa. Baba mdogo Makarius, shikamoo, kikao chenu nitakiheshimu, nitakaa nitakapoambiwa nikae, lakini kikao ni kesho na kaburi ni leo, naomba msoma ratiba amwite na yeye, aseme mtoto wa marehemu, Notburga Egidi Luambano, ana mwaka mmoja na mwezi, hajaweza kutembea peke yake, nitamshika mimi, na bibi yake akipenda amshike mkono wa pili.

Egidi, baba Notburga, pumzika kwa amani, sisi bado tuko hapa tunabishana.